Mji janja unaanzia halmashauri, vidude vinafuata

Ukitafuta picha za miji janja, yaani miji inayoendeshwa kwa teknolojia ya kidijitali (smart cities), utaona majengo ya vioo na vijimstari vya bluu vinavyopita angani kuonyesha intaneti, halafu maelezo yanakwambia kuna kamera kila kona, kuna vihisi, yaani vifaa vya kupima na kutuma taarifa vyenyewe, kwenye taa za barabarani, kuna skrini kubwa ukutani ambayo meya anakaa anaiangalia. Halmashauri yenyewe haionekani popote. Yule wa kuzibua mtaro, msoma mita, mhasibu wa mapato, diwani, mwanasheria wa kupitia mkataba, hao wote hawamo kwenye picha, wakati ndo hao hao wanaoamua kama vile vidude vitafanya kazi au vitabaki urembo. Nataka nilielezee hili taratibu maana watu wa mauzo wamelichanganya sana.

Naanza na maji ya Phnom Penh, mji mkuu wa Kambodia, kwa sababu ndo mfano ninaoukubali kuliko yote.

Mwaka 1993 nchi ilikuwa inatoka kwenye vita vya miaka mingi na mamlaka ya maji ya mji ilikuwa imechoka kabisa. Katika kila lita 100 zilizokuwa zinatoka mtamboni lita 72 hazikuwa zinalipiwa, zingine zinavuja chini ya ardhi, zingine zinaibwa, na baadhi ya waliokuwa wanawaunganishia watu maji kinyemela kwa hela ya pembeni walikuwa wafanyakazi wenyewe wa mamlaka. Vigogo hawalipi. Mtaa wa maskini haufikiwi na bomba kwa hiyo wananunua maji kwa wachuuzi kwa bei kubwa kuliko anayolipa tajiri mwenye bomba ndani. Sasa hapo hata ungefunga vihisi vya kisasa kiasi gani vingekuonyesha tu kwa uhakika zaidi kwamba maji yanapotea.

Aliyekabidhiwa kazi ni injinia Ek Sonn Chan. Kitu cha kwanza walichofanya ni kupita nyumba kwa nyumba kuhesabu wateja, na wakakuta vurugu tupu, kuna watu wanapata maji lakini hawamo kwenye daftari na kuna wengine wamo kwenye daftari, bili inakuja kila mwezi, maji hawayaoni. Wakasafisha daftari. Wakafunga mita kwa kila mteja, wakubwa na wadogo, na inasimuliwa kwamba alipoenda mwenyewe kufunga mita kwa afisa mmoja mkubwa wa jeshi alielekezewa bastola kichwani, na bado mita ikafungwa. Wafanyakazi waliokuwa wanafanya vizuri wakaanza kupata bonasi, waliokamatwa kwenye wizi wakafukuzwa, raia aliyetoa taarifa ya muunganisho wa wizi akapewa zawadi, na ikawekwa timu ya kukimbilia mabomba yanayovuja saa 24. Mwaka 1996 serikali ikaipa mamlaka uhuru wa kujiendesha kifedha na kiutumishi, yaani isikimbilie wizarani kuomba ruhusa kila inapotaka kununua bomba au kumwajiri fundi. Familia maskini zikapewa punguzo la gharama ya kuunganishiwa.

Kufikia mwaka 2008 hivi maji yanayopotea yalikuwa yameshuka hadi karibu asilimia 6, maji yanatoka saa 24, kiwango ambacho miji mingi tajiri haijafika. Na ndiyo, walikuja kuugawa mtandao wa mabomba katika kanda na kuweka vifaa vya kupima presha, ili presha ikishuka kanda fulani usiku wajue kuna bomba limepasuka. Lakini angalia vilikuja lini. Vilikuja wakati tayari kuna daftari la wateja linaloaminika, kuna timu ya kutoka saa nane usiku, na kuna hela ya kununua viungo vya bomba. Kipimo kinasema presha imeshuka, na kuna mtu anaamka kwenda. Hiyo sehemu ya pili ndo usimamizi, na hakuna kampuni inayokuuzia hiyo kwenye boksi.

Sasa tuongee kwa ujumla kidogo. Umoja wa Mataifa mwaka 2018 ulikadiria kwamba asilimia 55 ya watu duniani wanaishi mijini na itafika asilimia 68 mwaka 2050. Taka za watu hao, maji yao, mitaro yao, barabara za mtaani, vibali vya ujenzi, taa, masoko, mipango ya ardhi, sehemu kubwa ya hayo kwa nchi nyingi iko chini ya serikali za mitaa au vyombo vyake. Kwa hiyo mtu akisema mji endelevu, yaani unaohudumia watu wake bila kuharibu mazingira, kwa vitendo anaongelea idara ya taka, idara ya mipango miji, idara ya mapato na kitengo cha manunuzi. Hakuna idara ya uendelevu itakayoweza kufanya lolote kama idara ya ujenzi inatoa vibali kwenye bonde la mto.

Kitu kinachoangusha miradi mingi ni namna bajeti inavyogawanywa, na hapa naomba msomaji uvumilie uhasibu kidogo. Kuna hela ya maendeleo, ya kujenga na kununua vitu vipya, na kuna hela ya matumizi ya kawaida, ya mishahara, mafuta ya gari, vipuri, bando, leseni za programu. Wafadhili na serikali kuu wanapenda ile ya kwanza kwa sababu ina kitu cha kuzindua, kuna utepe wa kukata. Ile ya pili haina picha. Sasa unaletewa vihisi 500 vya kupima kina cha maji kwenye mitaro, vimelipiwa vyote, shangwe, halafu baada ya miaka miwili betri zinaisha, laini za simu zilizomo ndani hazijalipiwa, fundi aliyepewa mafunzo kahamia kampuni binafsi, na kwenye bajeti ya kawaida hakuna hata mstari mmoja wa kazi hiyo. Mtaro unarudi kupimwa kwa macho, na mafuriko yanakuja kama kawaida. Mimi naona mradi wowote ambao hauonyeshi gharama ya mwaka wa tatu, wa nne na wa tano uliandikwa kwa ajili ya siku ya uzinduzi tu, na madiwani wana haki kabisa ya kuukataa.

Upande mwingine kuna miji iliyofanya makubwa kwa zana za kawaida. Baltimore, Marekani, mwaka 2000 meya Martin O'Malley alianzisha utaratibu ulioitwa CitiStat. Kila wiki mbili hivi mkuu wa idara anasimama mbele ya timu ya meya, namba za idara yake ziko ukutani, mashimo mangapi ya barabarani yameripotiwa, mangapi yamezibwa, ndani ya saa ngapi, wafanyakazi wangapi hawakuja kazini, ovataimu imeenda kiasi gani na kwa nini. Programu walizotumia zilikuwa zile zile za kawaida za ofisini, za kupanga hesabu kwenye majedwali, pamoja na ramani. Wakaahidi shimo likiripotiwa linazibwa ndani ya saa 48. Nguvu ilikuwa kwenye kikao chenyewe, maana wiki mbili zikipita unarudi pale pale na swali lile lile linakusubiri, na kama tatizo lako linasababishwa na idara nyingine basi mkuu wa idara hiyo naye yumo chumbani, hamna cha barua kuzunguka miezi mitatu.

Lakini jiji hilo hilo, Mei 2019, likavamiwa na wahalifu wa mtandaoni waliofunga kompyuta zake na kudai bitcoin 13, ile sarafu ya kidijitali. Jiji likakataa kulipa. Kwa wiki kadhaa ofisi zikakaa bila barua pepe, mauzo ya nyumba yakakwama kwa sababu mfumo wa kumbukumbu haufanyi kazi, bili za maji hazitoki, na gharama yote ikakadiriwa kufika dola milioni 18 hivi. Atlanta, jiji jingine la Marekani, ilikuwa imepatwa na balaa kama hilo mwaka mmoja kabla. Ulinzi wa mifumo, nakala za akiba za data, kuboresha programu zilizopitwa na wakati, hizo nazo ni matengenezo tu, ziko kapu moja na kuzibua mtaro na huwa zinakatwa kwenye bajeti kwa sababu ile ile, hazionekani mpaka siku ziharibike.

Kuna na suala la data inamwona nani. Boston miaka ya 2011 na 2012 walitengeneza programu ya simu inaitwa Street Bump, ukiendesha gari simu inahisi mtikisiko na kutuma kwa jiji kwamba hapa pana shimo, bila wewe kufanya chochote. Wazo zuri sana. Shida ni kwamba wenye simu janja wakati ule walikuwa zaidi vijana na wenye kipato, kwa hiyo ukiiachia ramani peke yake mitaa ya wazee na ya maskini ingeonekana haina mashimo, mafundi wangetumwa kule ambako tayari ni afadhali. Jiji lililiona hilo na likaanza kwa kuwapa programu hiyo wakaguzi wake wa barabara wanaozunguka mitaa yote. Huo ni uamuzi wa kiutawala, simu isingeweza kuufanya. Na ni hivyo hivyo kwa malalamiko yanayopokelewa kwa mtandao tu: mtaa unaolalamika sana kwenye programu si lazima uwe ndo wenye shida zaidi, inawezekana ni wenye bando zaidi.

Sasa mikataba. Hapa nitakaa kidogo kwa sababu miji mingi inaumia hapa na wananchi wanakuja kujua baada ya miaka.

Chicago mwishoni mwa 2008 ilikodisha mita zake za kuegesha magari, kama 36,000 hivi, kwa kampuni binafsi kwa miaka 75, ikapewa dola bilioni 1.15 taslimu. Madiwani walipiga kura siku chache tu baada ya kuletewa. Mwaka uliofuata mkaguzi wa jiji akatoa ripoti kwamba jiji lingeweza kupata karibu dola milioni 974 zaidi kama lingebaki na mita zake kwa miaka hiyo yote, na hela iliyopatikana ikawa imetumika kwa haraka kuziba mapengo ya bajeti. Watu wengi huishia hapo kwenye hasara. Kwangu mimi kibaya zaidi kipo ndani ya mkataba: jiji likitaka kuondoa maegesho ili kuweka njia ya baiskeli, au ya mabasi, au likifunga barabara kwa shughuli fulani, linatakiwa limfidie mwekezaji au limpe nafasi nyingine ya kuegesha. Yaani sera ya usafiri ya mji mzima, kitu ambacho ndo moyo wa mji endelevu, imefungwa na karatasi iliyosainiwa kwa haraka hadi miaka ya 2080. Meya ambaye hajazaliwa bado ataikuta.

San Diego ni aina nyingine. Mwaka 2016 baraza liliidhinisha taa mpya za barabarani, maelezo yakiwa ni kuokoa umeme na kukusanya takwimu za magari na watembea kwa miguu. Zaidi ya taa 3,000 zikawa na kamera. Baadaye polisi wakaanza kutumia picha zile kwenye uchunguzi, na wakazi wengi wakashtuka kwamba hakuna aliyewauliza na hakuna kanuni inayosema nani aangalie, picha zikae siku ngapi, nani akague. Mwaka 2020 meya akaagiza kamera zizimwe, na baraza likaingia kwenye kazi ya kutunga sheria ndogo ambayo ilitakiwa itangulie. Hata anayeona kamera zinasaidia kukamata wahalifu atakubali kwamba namna hii ya kuziingiza inaua imani, na imani ikiisha hata vihisi vya kupima hewa chafu, visivyomdhuru mtu, vitaanza kung'olewa usiku.

Kwa hiyo kitengo cha manunuzi kikikaa mezani, maswali yenye uzito yanaanza baada ya bei. Data ni mali ya nani? Kampuni ikifa au mkataba ukiisha, mji unaondoka na data yake katika muundo ambao mfumo mwingine unaweza kuusoma, au unaanza upya? Vipuri vinapatikana kwa muuzaji huyo mmoja tu? Bei ya leseni baada ya kipindi cha ofa ni kiasi gani? Halmashauri ikiwa haina hata mwanasheria mmoja na mtu mmoja wa teknolojia anayejua kusoma hivyo vifungu, ni kama inaingia kwenye mazungumzo imefumba macho. Mara nyingi mishahara ya watu wawili kama hao ingeokoa hela nyingi kuliko mfumo mzima unaonunuliwa, ila kuajiri kuna kibali na kibali kiko ngazi ya juu.

Na hiyo inatuleta kwenye mapato, maana halmashauri inayoishi kwa ruzuku tu inapanga kwa kusubiri. Freetown, Sierra Leone, chini ya meya Yvonne Aki-Sawyerr, waliamua kurekebisha kodi ya majengo. Daftari la zamani lilikuwa na majengo kama 57,000, wakatumia picha za satelaiti pamoja na watu wa kupita mitaani wakafikisha zaidi ya 120,000. Kwenye kukadiria hawakutaka kumpeleka mthamini kila nyumba, wakaweka pointi: ukubwa wa jengo, paa ni la nini, dirisha, ukuta wa nje, barabara inayofika hapo, na pointi ndo zinatoa thamani. Jumba la kifahari ambalo kwenye makadirio ya zamani lilikuwa linalipa karibu sawa na kibanda likaanza kulipa inavyostahili. Hapo satelaiti imefanya kazi yake vizuri, lakini kazi ngumu ilikuwa ya kisiasa, kuwaeleza watu wanalipa kwa nini, kuwasikiliza wanaopinga makadirio, na kuwagusa wenye nguvu ambao hawajawahi kuguswa. Serikali kuu nayo ikaingilia, ukusanyaji ukasimama kwa muda kusubiri miongozo mipya. Meya anaweza kuwa na mfumo bora kabisa na bado funguo ziko kwenye ofisi nyingine.

Stockholm, mji mkuu wa Sweden, wana somo la mpangilio wa hatua. Walitaka kutoza magari yanayoingia katikati ya jiji ili kupunguza foleni na moshi, na kabla ya kuanza wananchi wengi walikuwa hawataki. Wakafanya majaribio kuanzia Januari hadi mwisho wa Julai 2006. Kamera za kusoma namba za magari ndo zinazotajwa sana, lakini mabasi ya nyongeza yalianza kazi Agosti 2005, miezi kadhaa kabla ya tozo, kwa hiyo mtu alipoanza kutozwa tayari alikuwa na njia nyingine ya kufika kazini. Magari yanayovuka mpaka wa tozo yakapungua kwa asilimia 20 hivi. Majaribio yakasimamishwa, Septemba wakapiga kura ya maoni wakiwa wameshaona tofauti kwa macho yao, wakazi wa jiji wakasema ndiyo kwa tofauti ndogo, na mwaka 2007 tozo ikawa ya kudumu. Ungeanza na kamera, mabasi yaje baadae bajeti ikiruhusu, tozo hiyo isingemaliza mwaka.

Ushirikishwaji nao unaingia hapa, ingawa neno lenyewe limechakazwa na semina. Porto Alegre, Brazili, tangu 1989 waliwaachia wakazi kwenye mikutano ya mitaa waamue sehemu ya bajeti ya uwekezaji ya mji, na watu walipopewa nafasi ya kuchagua kweli walichagua maji, majitaka na barabara za mtaani, vitu ambavyo havimo kwenye maonyesho ya miji janja. Mikutano hiyo ilivutia dunia nzima, ikaigwa kwenye miji mingi sana, halafu kwao wenyewe ikadhoofika kadiri uongozi ulivyobadilika na ikasimamishwa 2017. Utaratibu ukitegemea chama kilichopo madarakani unaondoka nacho.

Mwisho kuna suala la mipaka, na sijui kwa nini linaongelewa kidogo hivi. Mto hausomi ramani ya wilaya, foleni haisimami kwenye kibao cha kukukaribisha manispaa nyingine. Jiji moja kubwa unakuta lina halmashauri tano au kumi, kila moja na mfumo wake wa taka, dampo moja wanaligombania, na data zao hazisomani kwa sababu kila moja ilinunua kwa muuzaji tofauti. Copenhagen, mji mkuu wa Denmark, ni mji unaosifiwa sana kwa haya mambo, ulitangaza kwamba hadi mwaka 2025 hautakuwa unaongeza hewa ya ukaa angani, na kwa kweli kazi kubwa ilifanyika kwenye joto la majumbani, baiskeli na umeme wa upepo. Mwaka 2022 wakakiri lengo halitafikiwa. Kipande kikubwa kilichokuwa kimebaki kilitegemea kunasa hewa ya ukaa kwenye mtambo wa kuchoma taka wa Amager, na mradi huo haukupata fedha za serikali kuu walizokuwa wamezitegemea. Mtambo wenyewe unamilikiwa na manispaa tano kwa pamoja, kwa hiyo hata Copenhagen haiwezi kuamua peke yake. Sehemu ya tatizo inayobaki mikononi mwa manispaa ni plastiki, kwa sababu inatengenezwa kwa mafuta ya petroli na inapochomwa inatoa hewa ya ukaa kama mafuta yenyewe, na plastiki inapunguzwa kabla taka hazijapakiwa kwenye gari: mapipa ya kutenganisha yawepo kwenye kila jengo, ratiba ya kuyachukua iheshimiwe, na kuwe na mtu idara ya taka wa kufuatilia mtaa ambao mapipa yake yanarudi yamechanganywa.